Jogoo wa Mgeni

Jambo tunalotaka kuwasimulia ni dogo, hata tuliona haya kidogo kushika kalamu. Si habari ya maaskofu wala ya serikali. Ni habari ya kuku mmoja tu, aliyefugwa katika ua wetu hapa Kasongo ili aliwe. Lakini kuku huyu alitusumbua mioyo kuliko mambo mengi makubwa, nasi twadhani nyumba nyingi za wakristu zimepatwa na jambo hilohilo bila kulisema, kwa kuwa watu hucheka wakisikia kwamba fulani amelia machozi kwa ajili ya kuku.

Tunaposema "sisi", tuna maana ya watu wawili, mume na mke, wenye watoto watano. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Kasongo, na mwenzake ni wa Kabambare, kwa Wabangubangu, katika nchi inayonyweshwa na mto Lwama. Mama mzazi wa huyo wa pili angali hai kwao Kabambare. Watoto wetu humwita nyanya. Kwa miaka mingi hakuweza kuja kututazama. Mara barabara iliharibiwa na mvua, mara ilizibwa na watu wenye bunduki, mara fedha ya safari ilikosekana. Basi mwaka ule, mwezi wa sita, tukaletewa habari kwamba, Mungu akipenda, atakuja kusherehekea Noeli pamoja nasi.

Huku kwetu mgeni wa heshima halishwi sombe peke yake. Sombe ni chakula chema, twakila karibu kila siku na kumshukuru Mungu, lakini mgeni aliyetoka mbali apaswa kuchinjiwa kuku, na firigisi iwekwe katika bakuli lake, si katika bakuli la mtu mwingine. Mgeni asipoiona hatasema neno mezani. Atalisema akirudi kwao.

Wakati huo kuku wetu jike mwekundu alikuwa akiatamia mayai kumi na moja katika kikapu kibovu jikoni. Siku ya ishirini na moja wakatoka vifaranga tisa. Tukawaita watoto, tukawaambia: "Katika hawa, jogoo atakayetangulia kunenepa ni wa mgeni." Tulisema hivyo kwa furaha, kama watu wanaoweka akiba. Hatukujua kwamba maneno hayo yangeturudia.

Siku kumi baadaye mwewe akashuka mchana kweupe. Alinyakua kifaranga mmoja, na mama kuku alimrukia kwa hasira hata mwewe akakiachia kile kitoweo chake kikiwa bado hakijapita paa la nyumba. Kifaranga akaanguka karibu na miguu ya binti yetu wa mwisho, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa shule ya msingi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya goti. Mmoja wetu alisema, "Mtupe paka amle, huyo haponi." Mtoto hakujibu. Akatafuta kijiti cha ubua, akakipasua, akaufunga ule mguu kwa uzi wa kushonea, akamweka kifaranga katika kikapu chenye nyasi kavu, akakitundika chumbani mwao juu ya kitanda. Nani alimfundisha kufunga mfupa hatujui hata leo.

Kumbe kile kikapu ndicho kilichomwokoa mara ya pili. Katikati ya kiangazi, mwezi wa nane, ugonjwa uliingia mtaani. Wafugaji wengi wa Kiswahili huuita kideri, wengine mdondo. Waganga wa mifugo huuita kwa jina la mji wa Newcastle, huko Uingereza, ulikotambuliwa mwaka 1926. Aliyeuona mara moja hausahau. Kuku aliyekula vizuri asubuhi, jioni ametutumua manyoya na kuhema kwa kinywa wazi, choo chake ni cha kijani. Kesho yake shingo imepinda kama kitambaa kilichokamuliwa, na kesho kutwa amekwisha kufa. Katika muda wa juma moja mtaa wetu ulinyamaza. Wetu walikufa wote, mama mwekundu na vifaranga wake wanane.

Hapa twataka kukiri kosa letu. Asubuhi ile tulipoona kuku wa jirani wanaanguka, tulikamata majogoo wetu wawili wakubwa, tukawapeleka sokoni tukawauza, tukijiambia kwamba bado ni wazima. Walionekana wazima. Lakini ugonjwa huu husafiri namna hiyohiyo, katika matenga ya wauzaji, katika miguu ya watu, katika kuku anayeuzwa rahisi kwa sababu mwenyewe ana haraka. Hatujui tulipeleka kifo katika ua wa nani. Hilo tulilitaja katika kitubio, na padri alituuliza kama tuliweza kumrudishia fedha yule mnunuzi. Hatukumjua. Tangu hapo tumejifunza kwamba kuna chanjo ya kutiwa tone moja jichoni, na kwamba ile iitwayo I-2 yavumilia joto kuliko nyingine, nayo yafaa vijijini kusiko na barafu. Hurudiwa kila baada ya miezi minne hivi, na haimponyi kuku aliyekwisha kuugua. Mwenye kuipata asichelewe.

Basi, kifaranga mwenye mguu wa kijiti alibaki peke yake katika ua, na mvua za mwezi wa kumi zilipoanza alikuwa amekwisha kuwa jogoo kijana, mwekundu mabegani, mwenye mkia mweusi, akichechemea kidogo kama mzee mwenye cheo. Alikula mabaki ya ugali wa muhogo, pumba za mpunga, na kumbikumbi waliopukutika mabawa usiku chini ya taa. Kwa kuwa tulikuwa tumesema kwamba jogoo wa kwanza ni wa mgeni, watoto walikuwa wakiambiana, "Usimtese wa mgeni," "Mpe maji wa mgeni," na mwishowe binti yetu akalikata lile neno, akamwita Mgeni tu. Nasi tukacheka. Tungalikuwa na akili tungalilikataza jina lile siku ileile.

Maana kuku mwenye jina si sawa na kuku wa tenga. Mgeni alimjua mtoto kwa sauti na kwa mwendo. Mtoto akigonga sahani ya bati mara mbili, jogoo alikuja mbio kutoka ua wa tatu, bawa moja limeinuka kwa ajili ya ule mguu. Asubuhi alimsindikiza mpaka penye mwembe wa njiapanda, hapo akasimama, akarudi. Kwa nini alichagua mwembe ule twajiuliza bado. Mchana alilala kivulini karibu na jiwe la kusagia, na saa za shule zilipokwisha alijua bila kengele. Watu husema kwamba kuku hana akili. Huko Norwei alikuwako mtoto mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyependa kuku wa nyumbani kwao tangu udogo, akawatazama mwaka kwa mwaka na kuandika katika daftari nani humdonoa nani na nani humwachia nani chakula. Alipokua, mwaka 1922, akaitoa kazi yake, na wataalamu wakajifunza kwake kwamba kila kundi la kuku lina mpango wake wa wakubwa na wadogo, na kwamba kila kuku awatambua wenzake mmoja mmoja. Elimu hiyo yote ilianza kwa mtoto kukaa uani na kuku wake. Twayataja haya kwa ajili ya wanafunzi wanaosoma gazeti hili, wapate kujibu wakichekwa.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika, sisi wawili tukaanza kunong'ona usiku. Shauri la kwanza lilikuwa hili: siku ile mtoto atumwe mafundisho ya dini, kuku achinjwe, naye akirudi aambiwe kwamba kicheche amemchukua. Shauri rahisi. Lakini tulikuwa tumelitumia zamani. Kijana wetu wa kwanza, alipokuwa na umri wa miaka saba, alikuwa na kuku jike mweupe aliyempenda, nasi tukamchinja siku ya wageni wa ubatizo, tukamwambia mtoto kwamba kuku amepotea. Alimtafuta siku tatu. Siku ya nne akaokota manyoya meupe nyuma ya choo, akayaleta, akayaweka mezani mbele yetu, akatoka nje bila neno. Leo ni mtu mzima mwenye ndevu, na bado tukimwambia jambo hutazama kwanza mikono yetu. Hatukutaka kumpoteza mtoto wa pili kwa bei ileile.

Kwa hiyo tulimwambia kweli. Tulimketisha jikoni, tukasema: "Unajua kwamba Mgeni alifugwa kwa ajili ya Noeli, kwa ajili ya nyanya." Alisema anajua. Akauliza kama haiwezekani kununua kuku mwingine. Tulimjibu kwamba fedha haipo, na hiyo ilikuwa kweli. Tukaongeza kwamba hata huyo mwingine angekuwa amelelewa na mtu. Hapo alinyamaza, na kimya chake kikakaa nyumbani siku nyingi. Alikula, alisoma, alichota maji, lakini hakuimba.

Jirani mmoja, mama mwema sana, alicheka hata akashika kiuno. "Mtoto analilia kuku! Tukifa sisi atalia nini?" Twajua kwamba hakusema kwa ubaya. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yatuonya kwamba mapendo yanayowapasa watu tu tusiwape wanyama. Lakini ukurasa huohuo wasema pia kwamba yaruhusiwa kuwapenda, kwamba wanyama wastahili wema wetu, kwamba ni halali kuwatumia kwa chakula na mavazi, na kwamba kuwatesa na kuwaua bure ni aibu kwa mwanadamu. Maneno haya yote yamo mahali pamoja, wala Kanisa halikuona haja ya kufuta moja kwa ajili ya jingine.

Tena neno lile "kuku ni kuku tu" lastahili kusemwa kwa uangalifu katika nchi yetu. Nyangwe, kando ya mto Lualaba, si mbali na hapa. Tarehe 15 ya mwezi wa saba mwaka 1871, siku ya soko, mamia na mamia ya watu, wengi wao wanawake, walikuwa wameleta bidhaa zao, na Livingstone alikuwako akitazama. Aliandika kwamba aliona watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe wameingia sokoni na bunduki, na mmoja wao akibishana juu ya bei ya kuku na kumshika kwa nguvu. Livingstone alikuwa akiondoka zake aliposikia mlio wa bunduki. Watu wakakimbilia mitumbwi, risasi zikawafuata, wengine wakafa maji. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Hatusemi kwamba kuku yule ndiye aliyeleta mauti. Wenye bunduki huwa na sababu zao tayari kabla ya kufika sokoni. Lakini mlango ulifunguliwa na mkono uliomshika kuku wa mtu mwingine bila kukubaliana naye.

Nasi pia tumeuona mkono ule. Katika vita vya miaka ya 1998 hadi 2003, kitu cha kwanza kilichotoweka katika mitaa yetu kilikuwa sauti ya majogoo. Mmoja wetu alikuwa kijana wakati huo, na akumbuka jinsi mtu mwenye silaha alivyoingia uani mwa baba yake, akawakamata kuku wote saba kwa miguu, akawafunga kwa kamba ya nguo iliyokuwa imeanikwa, akaenda zake akipiga mluzi. Hakuna aliyesema neno. Jioni ile baba yake hakula, si kwa njaa ya nyama.

Basi, tulikuwa katika hali hiyo, karibu wiki mbili kabla ya Noeli, ndipo jambo dogo likatokea. Kijana wetu wa tatu alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa dini, akisoma kwa sauti kando ya taa Kitabu cha Pili cha Samweli. Sisi tulikuwa tukichambua maharagwe na kumsikiliza nusu nusu. Akafika pale ambapo nabii Natani anamsimulia mfalme Daudi habari ya maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, aliyemlea nyumbani kati ya watoto wake na kumgawia chakula chake mwenyewe. Na habari ya tajiri mwenye mifugo mingi, aliyefikiwa na mgeni, akaona uchungu kugusa mali yake, akamtwaa mwanakondoo wa maskini ili amwandalie mgeni. Daudi akaghadhibika sana, akataka mtu huyo auawe. Ndipo nabii akamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye.

Tulikuwa tumeisikia habari hiyo mara nyingi. Daima tuliielewa kuwa ni habari ya Daudi na mke wa Uria, na kweli ndiyo maana yake. Lakini usiku ule tuliisikia kama ilivyoandikwa, mwanakondoo akiwa mwanakondoo na mgeni akiwa mgeni, tukaacha kuchambua maharagwe. Yule tajiri alikuwa ameketi nyumbani mwetu, tena walikuwa wawili.

Watoto walipolala tukabishana. Mmoja wetu alisema: "Mayai yalikuwa yetu, kikapu chetu, pumba tulinunua sisi. Mtoto hana mali katika nyumba ya wazazi wake." Mwingine akasema: "Bila yeye mwewe angalimla, au paka, au ugonjwa. Wewe mwenyewe ulisema atupwe." Hapo mabishano yakaisha, maana ilikuwa kweli, na aliyesema atupwe alitazama pembeni. Lakini tulikuwa tunatafuta nini? Kumsamehe kuku na kumlisha mama mzee sombe siku ya Noeli, baada ya miaka yote hiyo? Hilo nalo halikuwezekana. Tukalala bila shauri.

Kesho yake tulimwita binti yetu, tukamwuliza swali moja tu: "Mgeni ni kuku wa nani?"

Akafikiri. Akasema: "Ni wangu."

Tukamwambia: "Vema. Ni wako." Hatukuongeza neno, ingawa ilituuma. Mzazi anapokwisha kuuliza swali la kweli hana budi kulipokea jibu lake.

Siku tatu zikapita. Siku ya nne, alipokuwa akiosha vyombo, akasema pasipo kuinua kichwa: "Mgeni ni wangu. Kwa hiyo ni mimi nitakayempa nyanya. Ninyi msimpe."

Mama mzee alifika siku tatu kabla ya Noeli, nyuma ya pikipiki, vumbi limemfanya mwekundu toka kilemba hadi miguuni. Alikuwa amepungua sana. Alisalimia kila mtu kwa jina, na wale waliozaliwa akiwa mbali aliwashika vichwa mmoja mmoja kana kwamba apima maboga. Jogoo alimzunguka akimtazama kwa jicho moja, na mama mzee akauliza, "Na huyu mwenye kuchechemea ni nani?" Mtoto akamjibu: "Anaitwa Mgeni, nyanya. Ni zawadi yako." Nyanya alimtazama mtoto, si jogoo. Akasema asante kwa mikono miwili, kama tunavyomshukuru mtu mkubwa.

Siku ya Noeli, baada ya Misa, tulimwomba jirani yetu mzee, ambaye ni Mwislamu, aje kuchinja. Wasomaji wa mbali watashangaa, lakini wa Kasongo hawatashangaa. Uislamu uliingia mji huu pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na tangu hapo twaishi ukuta kwa ukuta. Wao hutuletea wali siku ya Idi, nasi hatutaki meza yetu ya Noeli imfungie mlango jirani kwa sababu ya kisu tu. Mzee alikuja katika kanzu safi. Kisu alikuwa amekwisha kukinoa kwake, akakificha nyuma ya mgongo, maana katika dini yao ni vibaya mnyama aone kisu kikinolewa. Akamwambia binti yetu amnyweshe jogoo maji. Kisha akamwuliza:

"Mjukuu wangu, huyu ni wako?"

"Alikuwa wangu, babu. Ni wa nyanya."

"Umempa kwa moyo wako?"

Mtoto alikawia kujibu. Mzee akangoja. Jua lilikuwa kali na sisi tulikuwa na haraka, sufuria ikichemka, lakini yeye alingoja kana kwamba hana kazi nyingine duniani.

"Nimempa," akasema.

Akamshika mabawa mwenyewe, akageuza uso. Mzee akataja jina la Mungu, akakata mara moja. Mtoto akalia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyecheka, hata yule mama jirani aliyekuwa amekuja kusaidia kunyonyoa manyoya.

Mezani tulikuwa watu kumi na wanne. Nyanya alipewa firigisi na mguu. Binti yetu alijipakulia wali na sombe, akakaa mbali karibu na mlango. Mmoja wetu alitaka kumwambia ale, mwenzake akamkanyaga mguu chini ya meza. Mama mzee hakumwambia ale, wala hakumwambia asilie. Alikula firigisi polepole, kwa heshima, kama inavyopasa, akafuta vidole, kisha akasema: "Mjukuu, njoo ukae hapa. Kuku huyu alikuwa wa namna gani? Nisimulie toka mwanzo, nisile nisichokijua."

Mtoto akaja. Alianza kwa sauti ndogo: mayai kumi na moja, mwewe, kijiti cha ubua, kikapu juu ya kitanda, ugonjwa, sahani ya bati, mwembe wa njiapanda. Nyanya aliuliza maswali kama hakimu. Mwewe alikuwa mweusi au wa kahawia? Uzi ulikuwa wa rangi gani? Mguu upi? "Wa kushoto," mtoto akasema. Mama mzee akalishika paja lililokuwa katika bakuli lake, akaondoa nyama iliyobaki, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Juu kidogo ya goti mfupa ulikuwa na kifundo, mahali ulipoungana, umepinda kidogo lakini umeshikana kwa nguvu.

"Ndio huu?"

"Ndio huu, nyanya."

"Ulifunga vema," akasema mama mzee. Akampa ule mfupa aushike.

Wakakaa hivyo, mmoja akila, mwingine akisimulia. Baadaye bakuli likawa kati yao wawili. Kama mtoto alikula au hakula, hatukutazama.

Kesho yake, siku ya Mtakatifu Stefano, tulikuwa tumekusudia kwenda Misa ya asubuhi nyumba nzima, pamoja na nyanya. Tulipoamka jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya mwembe. Kengele ya misioni ilikuwa imelia zamani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeisikia, kwa kuwa kwa miezi miwili tulikuwa tumezoea kuamshwa na mwingine.